Jinsi nilivyoondoa mvumo wa ekzosi bila kuua mngurumo
Baada ya kufunga ekzosi pana kwenye Subaru yangu ya silinda 4, injini ilinguruma vizuri, lakini katika barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, kila nilipotulia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, mvumo mzito ulijaa ndani hadi kioo cha nyuma kikatetemeka. Mafla kubwa ingefifisha sauti yote, na sikununua ekzosi ili ninyamaze.

Injini hiyo hulipua mara 2 kila mzunguko, yaani, kwa mizunguko hiyo 2,500 kwa dakika, takriban mara 83 kwa sekunde (hezi 83). Kwa kukadiria kasi ya sauti katika gesi ya moto kuwa mita 400 kwa sekunde, robo ya urefu wa wimbi la mvumo huo ni mita 1.2. Fundi alichomelea ubavuni mwa bomba tawi la urefu huo, lililozibwa mwishoni, ili wimbi linaloingia na kurudi lichelewe kwa nusu ya wimbi na kulifuta linalokuja. Mvumo umekwisha, mngurumo wa juu umebaki.