Kamshafti ya kuvuta chini: namba niliyoitazama

Pikipiki yangu ni Harley-Davidson yenye injini ya Twin Cam 96, cc 1,584, ya kupozwa na hewa. Peke yake ni nzito. Ukimpakia mama watoto na masanduku mawili ya pembeni, hapo unaendesha lori. Ninachotaka ni kitu kimoja tu: niko gia ya sita, mizunguko haijafika 2,500 kwa dakika, kilima kinatokea, nazungusha resi kidogo na chombo kinapanda bila kunidai nishushe gia.

Ukitangaza kwamba unabadilisha kamshafti, yaani mhimili unaofungua na kufunga vali za injini, swali la kwanza la wenzako ni "itaongeza hosipawa ngapi?" Kwangu mimi swali hilo halina kazi. Hosipawa huja kwa kuzidisha nguvu ya kuvuta na kasi ya mzunguko. Nm 120 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuvuta) kwenye mizunguko 2,500 ni kama kilowati 31, yaani hosipawa 42. Nm 120 hizo hizo kwenye 5,000 ni kama kilowati 63, yaani hosipawa 84. Kwa hiyo anayetaka namba nene ya kuandika kwenye boksi ataisogeza nguvu juu, huko ambako mimi sifiki ila nikikimbizwa na mvua.

Namba niliyoitafuta mimi ni digrii ya mzunguko wa kranki ambayo vali ya kuingiza, ule mlango wa hewa na petroli kwenye silinda, inafunga. Pistoni ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda, vali hiyo huwa bado iko wazi. Mizunguko ikiwa mikubwa, hilo ni jema: mchanganyiko wa hewa na petroli unakuja kwa kishindo na unaendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikiwa inapanda. Mizunguko ikiwa midogo, kishindo hicho hakipo, na pistoni inaurudisha mchanganyiko ulikotoka. Unaingiza kisha unatema.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu ya injini yangu. Pistoni inasafiri milimita 111 kutoka chini hadi juu. Vali ikifunga digrii 25 baada ya chini kabisa, pistoni imeshapanda kama milimita 4. Ikifunga digrii 45, imeshapanda kama milimita 12. Kwenye karatasi ni tofauti ya digrii 20, na mtu anaweza kuzipuuza. Ndani ya silinda ni milimita 8 za safari ambazo hazikugandamiza chochote.

Tahadhari hapa. Digrii za kwenye karatasi ya mtengenezaji wa kamshafti hazipimwi vali ikiwa imegusa kiti chake. Kwa Harley wengi hupima vali ikiwa imeinuka inchi 0.053, yaani kama milimita 1.35, wengine huanzia 0.020. Ukilinganisha kamshafti mbili zilizopimwa kwa vipimo tofauti, unalinganisha uongo na uongo.

Mimi nilichagua kamshafti inayofunga vali mapema. Mwenzangu mmoja, ambaye injini yake ni kama yangu, alichagua ile inayochelewa kufunga. Ikiwa sailensa, yaani inawaka tu bila resi, inanguruma vizuri mno, ile ngurumo ya kuyumbayumba inayowageuza watu shingo. Ngurumo hiyo inatokana na vali ya kuingiza na ya kutoa kuwa wazi pamoja kwa muda mrefu, kwa hiyo moshi wa zamani unachanganyika na hewa mpya. Inapendeza masikioni, lakini tukiwa nyuma ya basi kwenye mwinuko, yeye anashusha gia mbili, mimi sishushi hata moja. Ila barabara ikinyooka na akaamua kukaza, simuoni tena, na sina kinyongo.

Kimo cha kuinua vali sikukihangaikia sana. Nilihakikisha tu kwamba springi zilizopo zinakimudu na kwamba vali haitakutana na pistoni. Fundi anayejali ataweka udongo laini juu ya pistoni, atazungusha injini kwa mkono, kisha atapima unene uliobaki. Asiyefanya hivyo kwenye injini iliyochezewa, mwondokee.

Kufunga mapema kuna gharama yake. Hewa inayobaki ndani ni nyingi zaidi, mgandamizo halisi unapanda, na injini ya kupozwa na hewa ikishikwa na joto huanza kugonga: unasikia kama changarawe zikitikiswa kwenye kopo. Ndiyo maana anayeongeza kompresheni kwa pistoni za kuvimba juu hawezi kuiga chaguo langu kichwakichwa. Yeye anahitaji vali ichelewe kidogo. Mimi pistoni zangu ni za kiwandani, natia petroli ya okteni ya juu, na silazimishi gia ya sita chini ya 2,000.

Na kwa kuwa kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa, nilikagua vikaza-minyororo vya kamshafti. Twin Cam nyingi za kabla ya 2007 zina vile vya springi vyenye kiatu cha plastiki, ambacho huliwa na mnyororo na vipande vyake kuingia kwenye oili. Yangu ina vya kusukumwa na oili, vinadumu zaidi, ila kutazama hakugharimu kitu.

Baada ya kufunga kila kitu, programu ya mafuta na moto ilipangwa upya. Kwenye grafu ya dainamomita, ile mashine ya kupima nguvu ya injini, nilimwomba fundi anioneshe kipande cha 2,000 hadi 3,500 peke yake. Alitaka kunionesha kilele. Nikamwambia kilele ampelekee yule wa ngurumo.