Muhuri wa fomu ulikuwa umeisha

Wiki iliyopita nimelala hospitali (jina silitaji) na mtoto wa dadangu, miaka minne, nimonia, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tulitoka Malindi alfajiri na matatu ya kwanza, bibi naye kakataa kubaki nyumbani.

Siku ya pili kaja kijana mpole na fomu kurasa saba, ati kuna utafiti wa dawa za nimonia, mtoto wenu anafaa. Dadangu hajalala siku mbili, kashika kalamu tayari, asome nini saa hiyo. Mimi nna ugonjwa wa kusoma karatasi kuanzia nyuma, na huko nyuma kuna muhuri wa kamati ya maadili wenye tarehe mbili, ya kupitishwa na ya kuisha. Ilikuwa imeisha wiki tatu!

Kwa wasiojua, hapa Kenya huwezi kufanyia watu utafiti bila kupitishwa na kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na kama ni dawa inajaribiwa bodi ya dawa na sumu nayo ina lake, na kibali huwa cha mwaka, kikiisha mnarudi mnajieleza upya. Kijana wa watu hakuwa ameona, uso ukambadilika. Nikapiga namba ya kamati iliyo chini ya fomu, kumbe inashikwa, mama mmoja akaniambia msitie sahihi popote, nipe jina la utafiti. Kumbe kibali kiliongezwa kitambo, ni watu wa utafiti wametoa kopi za zamani. Uzembe tu, lakini uzembe juu ya mtoto mgonjwa.

Bibi saa hiyo ashasema hao ni mumiani. Mi siko huko. Kuna utafiti ulioitwa FEAST, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, hata Kilifi hapo jirani walikuwemo. Walitaka kujua kama mtoto mwenye homa kali na mzunguko wa damu mbovu asaidiwe na maji mengi ya dripu kwa haraka, jambo ambalo vitabu vya madaktari vilikuwa vishasema ndio. Kamati ya kuangalia usalama ikausimamisha Januari 2011, manake waliopewa maji walikufa 10 au 11 kwa kila 100 ndani ya saa 48, wasiopewa 7. Bila kupima tungekuwa tunashangilia dripu mpaka leo, na bila wale wa kuchungulia hesabu wangeendelea kufa wengine ndani ya huo huo utafiti.

Basi fomu mpya ikaja kesho yake, muhuri mbichi. Safari hii dadangu akasoma yote. Utafiti akakubali, kisanduku cha kuhifadhi damu kwa tafiti za baadaye akaandika HAPANA kwa herufi kubwa, na kijana akasema sawa mama, ni haki yako. Damu yenyewe kijiko kimoja cha chai.

Bibi akainuka kitandani, "Kijiko cha chai cha nani? Nionyeshe hicho kijiko."