Siku moja gerejini: injini ya CG iliyokuwa inakula oili

Saa 12:45 asubuhi

Gereji yetu ya Tandika, Dar es Salaam, hufunguliwa mapema. Bodaboda anayelaza pikipiki siku nzima anakosa hesabu ya siku, na tajiri wake, yaani mwenye pikipiki, hataki maelezo. Ya kwanza leo ni pikipiki ya Kichina ya 125, imenunuliwa kwa mtu miezi michache iliyopita. Injini ni ya mtindo wa Honda CG125: silinda moja, kipenyo milimita 56.5, mwendo wa pistoni milimita 49.5, ujazo cc 124. Valvu zinasukumwa na pushirodi (vijiti virefu vya chuma), cheni ya taimingi hakuna. Honda walianza kuiuza katikati ya miaka ya 1970, wakilenga nchi ambako pikipiki ni chombo cha kazi na matunzo ni ya kubahatisha. Viwanda vya China vikainakili kwa wingi. Sisi mafundi inatufaa, maana bloku (yenye silinda) na hedi (kifuniko chake cha juu) vinatoka bila kushusha injini.

Kijana anayeiendesha anasema inatoa moshi, haina nguvu ikipakia, na kila baada ya siku mbili anaongeza oili.

Moshi wenyewe una maneno yake. Ukitoka wa bluu pale unapovuta mafuta na kuendelea kutoka, shuku silinda na ringi zinazozunguka pistoni. Ukitoka kwa mkupuo baada ya kuachia mafuta, tuseme umeshuka kilima kisha unavuta tena, shuku sili za valvu na gaidi zake, yaani tundu ambamo shina la valvu hupita. Mweusi si oili, ni petroli nyingi, huyo ni mgonjwa wa kabureta. Huu wa leo ni bluu na haukomi.

Saa 1:20

Kabla ya spana yoyote, tunapima kompresheni, yaani pistoni inabana hewa kwa shinikizo gani. Injini iwe ya moto kidogo, plagi nje, geji mahali pake, mkono wa mafuta ufunguliwe hadi mwisho, kisha kiki hadi mshale ugome kupanda. Usipofungua mafuta, hewa haiingii ya kutosha na geji itakudanganya. Injini isiyo na ubovu ya aina hii hutoa psi 150 hadi 170. Hii imetoa 90.

Tunamimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi na kupiga kiki tena: 135. Oili imeziba pengo kati ya ringi na ukuta wa silinda. Isingepanda, tungetafuta uvujaji kwenye valvu au gasketi ya hedi. Plagi nayo imelowa, nyeusi, ina masizi ya mafuta mpaka kwenye uzi.

Oili iliyomwagwa haifiki nusu lita, wakati injini hii inataka karibu lita moja. Ukiizungusha juani kwenye beseni unaona vumbi la kung'aa la alumini. Sumaku haikuokota kitu, kwa hiyo beringi na gia hazijaanza kumeguka.

Saa 1:50

Kuosha. Mafuta ya taa na brashi, hasa kuzunguka plagi, mdomo wa kabureta na mapezi ya silinda. Mchanga uliokaa kwenye mapezi ukidondokea ndani utachana ukuta mpya kabla pikipiki haijafika Temeke.

Saa 2:15

Tangi, kabureta na eksozi vimetoka. Hapo ndipo chanzo kinapoonekana: ule mpira unaounganisha kabureta na boksi la hewa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo macho hayafiki. Ukipitisha kidole ndani kinatoka na tope jembamba la kahawia, vumbi la barabarani lililochanganyika na mvuke wa oili. Sponji ya chujio ndani ya boksi ni safi tu, kwa sababu hewa haikuwa inapita kwake. Vumbi hilo ni mchanga uliosagika. Linashika kwenye oili ya ukutani, na ringi zinalisugulia silinda kila pistoni inapopanda na kushuka. Ukibadilisha pistoni ukaacha mpira huo, utaifungua injini hiyohiyo tena.

Tunazungusha magneto mpaka alama ya T ikae kwenye mstari wake, pistoni ikiwa juu na roka zote mbili (mikono inayobonyeza valvu) zikicheza. Nati za hedi zinalegezwa kwa mshazari, robo mzunguko kila moja, maana ukimaliza upande mmoja kwanza hedi inapinda. Pushirodi zinatoka zikiwa na alama, ya kuingiza na ya kutolea, kila moja irudi kwenye kiti chake. Tunazibingirisha juu ya kioo: zimenyooka.

Bloku inagongwa kwa nyundo ya mpira na kuvutwa polepole. Ikianza kuachia, kitambaa safi kinazibwa kwenye mdomo wa krenki kabla ya kugusa klipu ya pini inayoshika pistoni. Klipu ikirukia humo ndani ya krenki, mnabomoa injini yote kwa ajili ya kipande cha waya.

Saa 3:10

Hii ndiyo saa ya kutopokea simu.

Ringi zilizomo ni mpya kabisa, herufi zake bado zinasomeka. Maana yake aliyeiuza aliona moshi, akaweka ringi, moshi ukapungua kwa wiki chache, akapata mteja. Ukuta wa silinda haudanganyiki hivyo. Tunapima kwa geji ya silinda sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu mara mbili: mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Juu imesoma 56.68 mbele na nyuma, 56.62 kushoto na kulia. Chini kabisa, ringi zisikofika, 56.53. Ikishapita 56.60 silinda hii inachongwa. Kwa hiyo imepanuka juu na imekuwa yai.

Asiye na geji anaweza kutumia ringi yenyewe. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima pengo lake kwa fila geji (bapa nyembamba za kupimia uwazi). Chini pengo ni 0.40, juu ni 0.80. Kila silinda inapopanuka 0.01, pengo huongezeka karibu 0.03, kwa kuwa unapima mzingo, si kipenyo. Kisha inua bloku uelekeze juani na kuchungulia: kando ya ringi, upande wa mbele, kuna mwezi mwembamba wa mwanga. Gesi inapita hapohapo kwenda chini, na oili inapita hapohapo kupanda juu.

Kijana ameshapiga simu. "Fundi, tajiri anasema weka ringi tu."

"Mwambie ringi mpya zimo tayari. Njoo uchungulie mwenyewe, halafu umpigie tena."

Alipochungulia hakuuliza tena.

Kabla ya kutuma bloku tunakagua konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, maana jibu lake ndilo linaloamua kama injini itashushwa. Inashikwa ikiwa juu kabisa, inavutwa na kusukumwa wima. Ikicheza wima hata kidogo, beringi ya chini imekwisha na krenki lazima itoke. Kucheza pembeni kunaruhusiwa, na wengi huchanganya haya mawili wakamuuzia mtu krenki bure. Fila geji pembeni imesoma 0.35, na mwisho ni 0.80. Wima hakuna kitu. Pini nayo imekaa vizuri kwenye jicho la juu. Krenki inabaki.

Saa 4:00

Bloku inakwenda kwa fundi wa mashine, mtaa wa Gerezani, kwa bodaboda, pamoja na pistoni mpya. Pistoni hununuliwa kwanza na bloku huchongwa kuifuata, kamwe si kinyume chake, kwa sababu pistoni mbili zenye namba moja kwenye boksi zinaweza kutofautiana kwa sehemu kadhaa za mia za milimita.

Saizi za kuongeza ni 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Kwa vipimo vya juu 0.25 ingeweza kutosha, lakini kuna mkwaruzo upande wa eksozi unaoshika ukucha, na mashine inahitaji nyama ya kuufuta na kubakiza ya kupiga honi, yaani kusugua ukuta kwa jiwe. Tumechukua 0.50. Tumeipima kwa maikromita kwenye sketi (sehemu ya chini ya pistoni), milimita 10 kutoka chini, kwa kukatisha pini: 56.96. Karatasi anayopewa fundi wa mashine ina namba moja, 57.00, ili uwazi uwe 0.04. Ikibanwa chini ya 0.03 inaweza kukwama ikishika moto. Ikiachwa kuelekea 0.10 itagonga ikiwa baridi na kurudia kula oili.

Saa 4:30 hadi saa 7

Zamu ya hedi. Springi zinabanwa, valvu zinatoka, kaboni inakwanguliwa kwa kipande cha mti mgumu; bisibisi huacha mikwaruzo kwenye alumini. Shina la valvu linatikiswa ndani ya gaidi yake, na halichezi kiasi cha kutia shaka. Tunasaga kwa pesti, ile ya chenga kwanza kisha laini, kwa kupeleka na kurudisha huku tukiinua valvu kila mara na kuigeuza kidogo. Tunatafuta mkanda wa kijivu usiokatika, upana wa milimita 1 hadi 1.5. Ukiwa mpana zaidi kaboni inashikilia hapo; ukiwa mwembamba sana valvu ya eksozi haipati pa kutolea joto, inaungua. Baada ya kuosha na kufunga kwa sili mpya, petroli inamiminwa kwenye mdomo wa hewa, kisha wa eksozi, na kusubiriwa. Isipochuruzika upande wa pili, tumemaliza.

Kuna jambo linaloua injini hizi kuliko watu wanavyodhani: gasketi ya kupaka. Fundi aliyepita aliipaka chini ya bloku kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, na bonge lake limeingia kwenye tundu la oili linalopanda hedi. Roka ya eksozi imeanza kulika. Tundu limezibuliwa kwa waya na hewa ya kompresa mpaka ikatokea juu. Gasketi ya karatasi iliyo mpya, kwenye nyuso safi, haihitaji kitu kingine.

Kifuniko cha klachi nacho kimefunguliwa, kwa sababu nyuma yake, kwenye ncha ya krenki, ndiko kuliko chujio la oili la kuzunguka. Halibadilishwi, linasafishwa, na wengi hawajui kama lipo. Limejaa tope zito la kijivu lililoganda ukutani. Chujio la waya la chini nalo limeoshwa. Pleti za klachi ziko salama.

Saa 8:15 mchana

Bloku imerudi. Tumepima tena sehemu zilezile: 57.00 juu mpaka chini. Mistari ya honi inakatana kwa mshazari, na mdomo wa chini umelainishwa ili ringi zisikwame.

Bloku iliyotoka kuchongwa huoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Petroli hutoa mafuta lakini huacha unga wa jiwe la honi kwenye mistari. Tunasugua kwa brashi mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, tunakausha na kupaka oili papo hapo, maana chuma kibichi kinashika kutu ndani ya dakika chache.

Saa 8:50

Ringi mpya zinapimwa ndani ya bloku mpya: 0.25, nasi tunataka kati ya 0.15 na 0.35. Inayokwangua oili inaanza, springi yake ya mawimbi kisha bapa mbili. Inafuata ya pili, nyeusi, na juu kabisa ile ya kung'aa. Herufi zinatazama juu. Ringi ya pili ikigeuzwa, inapandisha oili badala ya kuishusha, na moshi unarudi siku hiyohiyo. Mapengo yanatawanywa nyuzi 120.

Alama ya IN kwenye pistoni inatazama upande wa kabureta. Klipu ni mpya, na mdomo wake haukai sambamba na kijitundu cha kuitolea. Bloku inashuka kwa vidole, ringi moja baada ya nyingine. Ikigoma, inyanyue uangalie. Anayeigonga anavunja ringi.

Nati za milimita 8 za hedi: kwa mshazari, 10, kisha 16, mwisho 22 Nm, kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Fundi anayekaza "mpaka mkono usikie" ndiye anayeng'oa uzi wa alumini. Taipeti, yaani uwazi kati ya roka na valvu, zimewekwa 0.08 zote mbili, injini ikiwa baridi.

Mpira wa kabureta umewekwa mpya. Plagi ni D8EA, pengo 0.6 hadi 0.7. Oili ni 20W-50 ya pikipiki, chupa iwe na maandishi JASO MA, kwani klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Saa 10:40 jioni

Plagi nje, swichi imezimwa, kiki mpaka oili ionekane kwenye roka. Kisha plagi inarudi. Imewaka kwa kiki ya tatu. Moshi mweupe wa oili tuliyopaka umetoka dakika chache ukaisha. Kompresheni imesoma 150, na itapanda kidogo ringi zikishakaa.

Haipigwi resi, wala haiachwi ikiunguruma mahali pamoja nusu saa, kwa sababu ringi hukaa kwa mzigo mdogo unaobadilikabadilika. Imezungushwa mtaani taratibu dakika kumi, ikazimwa ipoe.

Saa 11:50

Kijana anapewa pistoni ya zamani, ringi na mpira uliopasuka akamwonyeshe tajiri. Kwa kilomita 500 za kwanza asivute zaidi ya nusu ya mafuta, asipakie mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) wala magunia, na oili imwagwe ikifika kilomita 300. Kesho alfajiri asiiwashe. Aisukume mpaka hapa ikiwa imelala baridi, tukague nati za hedi na kupima taipeti upya, kwa sababu gasketi mpya itakuwa imeshabonyea.