Ukoko wa Kilimani

Binti wa kaka yangu ana miaka 19 na huangalia tamthilia za Kikorea hata akiosha vyombo. Alipofaulu mitihani yake nikamwambia achague pa kula, mimi nitalipa. Nilidhani atataka kuku na chipsi. Akachagua mkahawa mdogo Kilimani, hapa Nairobi, si mbali na Yaya Centre, wanaopika vya Kijapani na vya Kikorea jiko moja. Jumamosi mchana tukapanda matatu ya 46. Mimi nilikuwa nimeshakula mahamri mawili nyumbani, kwa tahadhari.

Kwanza ikawa kesi ya supu ya rameni, zile tambi za Kijapani. Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, siwezi kunywa supu nisiyoijua ukoo wake. Nikamuuliza kijana wa zamu, "Mwanangu, hii rameni imechemshwa na mifupa ya nini?" Akajibu bila kona, "Hiyo ya juu ni nguruwe, mama. Ya chini ni kuku." Na mirin je? Nilishasoma mahali kwamba ni kileo kitamu cha mchele, Wajapani hukitia kwenye michuzi. Hakujua. Akaenda jikoni, akarudi na jibu kwamba ipo kwenye mchuzi wa teriyaki na kwenye rameni zote mbili. Basi tukafunga ukurasa wa rameni. Nampongeza yule kijana lakini. Wapo wangeapa tu "hakuna kitu, mama" ili niagize.

Tukaanza na kimbap ya Kikorea. Kwa macho utasema ni sushi: wali umeviringwa ndani ya mwani mkavu mweusi, mwembamba kama karatasi, ukakatwa vipande. Tofauti iko kwenye wali wenyewe. Wa sushi hutiwa siki na sukari kidogo, wa kimbap hupakwa mafuta ya ufuta. Ndani mlikuwa na karoti, yai, mchicha na figili ya manjano iliyolowekwa, inayolia karakara ukiitafuna. Nilikula vipande vinne kabla sijakumbuka kwamba nilikuja kukosoa. (Kibuyuni kule Kwale akina mama wanalima mwani, lakini ule ni wa aina nyingine na unauzwa nje kutengenezea vitu vya kuvitia vyakula uzito. Kuuona mwani sahanini mwangu, tena nautafuna, kulinichekesha.)

Kimchi ililetwa kwenye kibakuli cha kuonjea. Mpwa wangu alikuwa ananitazama usoni, anangoja nikunje pua. Nani, mimi niliyelelewa na achari? Ila uchachu wake si wa siki wala wa ndimu. Kabichi inatiwa chumvi, pilipili na vitunguu saumu, kisha inaachwa ichache yenyewe. Kwanza unaonja chumvi, halafu pilipili inakuja taratibu, mwisho kuna ukali unaokupanda puani. Niliomba kibakuli cha pili. Kikaja, na kwenye bili kilikuja pia.

Ile sushi ya kukaanga, iliyomwagiwa mayonesi kama aisikrimu, sitaisemea sana. Nje ilikuwa ya moto, ndani wali baridi na mgumu, wa tangu jana kwa maoni yangu. Shilingi 1,200. Basi.

Sasa nije kwa kilichonifanya niandike. Niliagiza bibimbap ya bakuli la jiwe. Likaja juu ya kibao cha mbao linalia chiii, mvuke unapanda: wali chini, na juu yake mafungu mafungu ya mchicha, karoti, uyoga, chipukizi za soya na nyama ya ng'ombe, na katikati kiini cha yai kinatikisika. Nikanyoosha mkono kuvichukua vijiti, ambavyo Wakorea hutumia vya chuma, bapa, vinateleza kama samaki. Mpwa wangu akanizuia. "Shangazi, Wakorea wali wanakula kwa kijiko." Alhamdulillahi. Akanionyesha: tia ile pilipili nzito, changanya vyote, kisha ugandamize wali kwenye kuta za bakuli na uuache. Usiuguse.

Nikangoja. Nilipokwangua chini, kijiko kikatoka na kipande cha wali cha rangi ya kahawia, kimekauka, kinang'aa mafuta ya ufuta.

Ukoko!

Mama alikuwa akipika wali wa nazi kwenye jiko la makaa, kisha anapalia makaa juu ya kifuniko. Sisi sita tunazunguka sufuria. Mshindi alikuwa kaka yangu, babake huyu mtoto, kwa sababu alikuwa anajitolea kuiosha sufuria, na mwosha sufuria ndiye mwenye ukoko. Tangu nihamie Nairobi napikia sufuria isiyogandisha, ukoko nimeusahau. Mpwa wangu akaniambia Wakorea wanauita nurungji, na kwao wengine humimina maji ya moto juu yake wakanywa baada ya mlo. Wajapani nao wana jina lao, okoge. Kumbe watu wote hao wanaukwangua, mimi nikidhani ni ulafi wa nyumbani kwetu.

Kijana wa zamu akaja kuondoa vyombo. Aliona bakuli limebaki lililoganda tu, akanyoosha mkono. "Liache hapo," nikamwambia, kwa sauti iliyofanya meza ya pili wageuke.

Mpwa wangu akasogeza kijiko chake. Nikamwambia, "Babako alinilia ukoko wangu miaka kumi."

"Baba anasema ni wewe ndiye uliyekuwa unaumaliza."

Nikamwachia upande mmoja. Ule mdogo.