Nilivyoacha pedi za dukani, na kasheshe la wapi pa kuanika

Mi sikuacha pedi za dukani kwa sababu ya mazingira, tusidanganyane. Niliacha kwa sababu ya choo. Naishi Mabatini hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, nyumba ina wapangaji sita na choo kimoja cha shimo, sasa mwaka juzi kikajaa kabla ya wakati wake. Gari la kunyonya halifiki kwetu, hata bodaboda anakushusha chini unamalizia kwa miguu, kwahiyo mama mwenye nyumba akaita vijana wa kutapisha kwa mkono. Walipofika katikati wakagoma, humu kuna mapedi na mapampasi tunataka hela ingine. Jioni tukaitwa kikao. Wanaume wamekaa wameinamia simu, mama kasimama mkono kiunoni, "jamani wanangu, nani anatupa hayo madude chooni?" Kimya. Wanawake tulikuwa watano na kila mtu anaangalia kandambili zake. Na mimi nikiwemo maana nilikuwa natupa kama wote, sasa ungetupa wapi, ukichoma ni moshi wa plastiki nyumba nzima inajua, ukiweka kwenye kiroba cha taka usiku mbwa wanakuja kutawanya asubuhi unapishana nayo njiani.

Yule kijana ndo alinifungua macho, bila hata aibu. Akasema dada, vitu vingine vyote huko chini vinaoza vinashuka, ila hii ina unga ndani ukikutana na maji unavimba unakuwa kama jeli, na ile nailoni yake haiozi, kwahiyo shimo linajaa pedi tupu. Tukachanga 15,000 kila chumba. Nikapiga hesabu nikaona hiyo ni karibu pedi zangu za miezi minne, maana natumia pakiti mbili kwa mwezi na dukani kwetu ni 2,000 moja. Na msiniambie habari za kodi, 2018 waliondoa VAT kwenye pedi tukashangilia, dukani kwetu bei ikabaki palepale, 2019 wakairudisha.

Bibi yangu mzaa mama yuko Ukerewe, nilipomsimulia kwenye simu alicheka sana. Akasema mjukuu wangu sisi tulikunja vipande vya kanga kuukuu na tukazaa watoto tisa. Mi nikasema bibi, kanga inateleza, niko saluni Kirumba nasimama kutwa nzima nasuka, ikidondoka mbele ya wateja nahama mji.

Ndo nikaanza kushona. Flaneli nilipata Mlango Mmoja kwenye mitumba, mashuka ya watoto mawili kwa 3,000, laini kabisa. Za ndani nikatumia taulo za saluni zilizochakaa. Kwa chini, ya kuzuia isipitilize, nilichana mwavuli uliovunjika, kile kitambaa chake ni kizuri sana na hakina joto kama mfuko wa rambo (mtu asije akakudanganya uweke rambo, utaungua mapaja). Vifungo vya kubonyeza 1,500, fundi 6,000. Jumla 10,500 kwa pedi nane, sita za mchana na mbili ndefu za usiku. Fundi aliniuliza hizi nepi za mtoto wa miezi mingapi, nikajibu minne. Mungu anisamehe.

Za kwanza zilikuwa mbaya. Niliogopa kuvuja nikamwambia fundi aweke taulo tatu humohumo ndani ashone zote pamoja, ikawa nene kama godoro, natembea kama nimetoka kupanda farasi, alafu kukauka siku mbili. Nikarudi akatengeneza upya: mfuko wa nje wenye mabawa na vifungo, umeachwa wazi upande mmoja, kile kitaulo cha ndani kinachomolewa kinafuliwa peke yake. Hapo ndo ikawa pedi. Ukitaka kushona anza na hiyo, usipitie nilikopita.

Kufua hakuna shida kama watu wanavyofikiri. Loweka kwenye maji ya baridi, baridi nasema, maji ya moto yanaipika ile damu inaganda kwenye kitambaa na doa halitoki tena. Baada ya hapo sabuni ya mche, suuza mpaka maji yawe meupe. Ile dawa ya kulainisha nguo usiweke, inafanya kitambaa kisinyonye. Jiki nayo inakula kitambaa. Rafiki yangu wa kule ziwani alikuwa anaenda kufulia za kwake ziwani kabisa, miguu ndani ya maji, nikamwambia we unatafuta kichocho, kile kijidudu kinaingia kwenye ngozi hivihivi tu umesimama, chota maji ukafulie nyumbani.

Shida ni kuanika. Uani kwetu kuna kamba mbili, na chini ya kamba ndo wanaume wanacheza bao. Sikuweza. Mwezi wa kwanza nikaanika uvunguni mwa kitanda. Mwezi wa pili kwenye kamba lakini nimefunika na kanga juu, na ilikuwa masika, mvua kila siku. Vikawa vinakauka nusu, vina harufu ile ya kitambaa kilichokaa kwenye ndoo, na mi mjinga nikavaa hivohivo. Mwezi wa tatu nikaanza kuwashwa, kuwashwa kwa kweli, hadi kazini nashindwa kusimama sehemu moja. Nikaenda zahanati nikiwa nimeshaapa narudi kwenye pakiti. Nesi akaniuliza maswali, mwisho akasema, "mdogo wangu, hizo pedi unaanika wapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akanipa dawa, akasema vitambaa viko sawa ila vinataka jua, jua lenyewe, lipige pande zote mbili mpaka kikauke kabisa, na unyevu ndo nyumba ya fangasi.

Sasa jua nitalitoa wapi bila macho ya watu? Nikakaa nalo wiki nzima. Jibu lilikuwa nyuma ya nyumba miaka yote, lile jiwe. Wa Mwanza mnaelewa, kila nyumba ya mlimani ina jiwe lake kubwa kuliko nyumba yenyewe. La kwetu juu ni bapa, saa saba mchana hukanyagi peku, unaungua. Unapanda kwa upande wa nyuma na ukiwa uani huoni kilichoko juu. Nikapanda saa nne asubuhi siku yangu ya off nikavitandaza kama dagaa wa Mwaloni, nikaweka kakokoto kila kimoja. Saa nane nafuata vimekauka kau, vya moto, havina harufu yoyote. Kuwashwa kukaisha na hakujarudi.

Ila upepo wa ziwa ule wa mchana una nguvu. Siku moja kokoto likateleza na kimoja kikaruka hadi uani, katikati ya bao. Mjukuu wa mama mwenye nyumba akakiokota anakipeperusha, "bibi, bibi, kandege!" Nilitamani jiwe linimeze. Mama akakichukua, akakigeuza, akabonyeza kifungo, akafungua ndani akaona kitaulo. Mi nimeganda mlangoni. Akaja taratibu akaniambia kwa sauti ya chini, "mayu, hii kakushonea nani?"

Kikombe cha hedhi pia ninacho, nilinunua baadaye kwa ajili ya safari. Meli ya Nansio ni masaa matatu na zaidi na choo cha melini sitaki kukielezea. Kile ni silikoni, unakikunja unaingiza, kinakaa hadi masaa 12, ukimaliza siku zako unakichemsha unaweka. Siku ya kwanza nililia bafuni nikajua kimepotelea ndani, kumbe hakiwezi kupotea, unachuchumaa, unapumua, unabana kitako chake kwanza hewa iingie alafu ndo unavuta. Usivute mkia tu! Na kama umeweka kitanzi muulize kwanza nesi wako, kinaweza kikavutwa kikatoka. Ni kizuri, ila mdogo wangu aliye sekondari sijamsukumia, yeye nimemshonea vitambaa sita na kipochi cha zipu cha kubebea kilichotumika, akitaka kikombe atasema mwenyewe.

Choo hakijajaa tena. Na Jumamosi nimepanda jiweni nimekuta vitambaa kumi na kimoja, vyangu vinne tu, na kuna mtu kachukua ile sehemu yangu ya juu inayopigwa jua mapema. Bado sijamjua ni nani.