Meseji ya Mama, ukurasa wa 61

Jana jioni nimechukua nakala nne za tasnifu yangu steshenari, pale Mwenge. Jalada jeusi, maandishi ya dhahabu, na kwenye mgongo wa nakala ya tatu jina langu limerukwa herufi moja. Kijana wa kubaindi akanitazama, akasema, "Dada, mgongo nani anasoma?" Nikacheka, nikalipa. Miaka miwili na miezi minne, na zote nne zimeenea kwenye mfuko mmoja wa kitambaa.

Leo sina cha kurekebisha, na mikono haijazoea. Acha niandike.

Nilipoanza nilitaka kukomesha utapeli wa simu Tanzania. Sikusema kupunguza. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa na programu ya simu, mtambo wa kutambua sauti za matapeli, ramani ya mikoa, na njia ya kupeleka taarifa moja kwa moja polisi. Msimamizi wangu, ambaye wote tunamwita Dokta basi, alilisoma mimi nikiwa nimekaa mbele yake. Ana penseli, kalamu sijawahi kumwona nayo. Alipomaliza akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kufyeka. Sauti ikaenda. Ramani ikaenda. Penye polisi akachora duara na kuandika pembeni: "Una mjomba huko?" Likabaki swali moja: kompyuta inaweza kutenganisha meseji ya tapeli na meseji ya kawaida, kwa Kiswahili?

Nilitoka pale nimenuna. Niliona amenipa kazi ya wiki mbili.

Meseji yenyewe kila mwenye laini anaijua. "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja…" Anayeiandika hakujui. Anairusha kwa namba nyingi awezavyo, akiomba kwamba mmoja wenu dakika hiyo hiyo alikuwa anasubiri namba ya kumtumia mtu hela. Laini tumesajili kwa alama za vidole, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wametupa namba 15040 ya kuwapelekea hizo meseji, na bado zinaingia, mara nyingine mbili kabla ya chai.

Kwa Kiingereza mambo ni rahisi. Kuna mkusanyo wa meseji 5,574 uliotolewa hadharani mwaka 2011, na 747 kati yake ni spamu, yaani meseji za kero usizoziomba. Unapakua, unaanza. Nilimpelekea Dokta kwa furaha, nikitaka nijifunzie hapo kwanza. Akaniuliza: mjinga akisema zote ni za kawaida bila kufungua hata moja, anapata ngapi? Nikapiga hesabu. Karibu asilimia 87. Halafu akaniambia nizisome. Spamu zake ni za Uingereza, zinauza milio ya simu na kutangaza zawadi. Za kawaida zaidi ya nusu zimetoka Singapore, wengi wakiwa wanafunzi. Hakuna anayejifanya mwenye nyumba wako.

Kwa hiyo nikaanza kuomba watu meseji zao. Za matapeli wanakupa kwa moyo mmoja, na matusi juu. Za kawaida ndiyo mtihani. Nani atakupa meseji aliyomwandikia mumewe kwamba hela ya ada imeliwa? Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo kila mtu asaini fomu ya ridhaa, na kila jina na kila namba vifutwe kabla sijahifadhi chochote. Mama yangu, kule Korogwe, alipowekewa fomu mezani alivaa miwani, akaisoma yote, akauliza, "Nashtakiwa?"

Kibali cha maadili kilichelewa. Tupite.

Siku modeli yangu, yaani programu niliyoifundisha kwa hizo meseji, ilipopatia asilimia 99 nilipiga picha ya kioo cha laptopu. Nilimtumia dada yangu, nikamtumia mchumba, nikaiweka na stetasi. Kesho yake nikaingia ofisini. Shikamoo Dokta, marahaba, nikageuza laptopu imtazame. Hakusema hongera.

"Binti, umezisoma?"

"Zipi, Dokta?"

"Meseji."

Nikafungua faili la meseji nilizofundishia modeli na faili la kupimia, nikayaweka sambamba. Ya kwanza upande huu: "Ile hela itume kwenye NAMBA jina litakuja JINA". Ya kumi na mbili upande wa pili: ile ile, neno kwa neno. Zilipoingia zilikuwa tofauti, kila moja na namba yake ya simu na jina lake. Mimi mwenyewe, nilipofuta namba na majina ili kulinda taarifa za watu, ndiye niliyezifanya mapacha, kisha nikaligawa kundi kwa bahati nasibu, pacha mmoja huku na mwenzake kule. Modeli ilikuwa inafanya mtihani uliovuja, na mvujishaji nilikuwa mimi.

Wiki tatu zilizofuata nilisoma kila meseji kwa macho. Sikuandika hata mstari mmoja wa programu kwa Python. Nilizipanga kwa koo: ukoo wa "ile hela", ukoo wa mwenye nyumba anayedai kodi, ukoo wa umeshinda, ukoo wa mganga wa utajiri, ukoo wa Freemason. Ukoo mzima ukae upande mmoja, wa kufundishia au wa kupimia, usigawanywe. Nikapima upya. 81. Picha ya stetasi ilikuwa imeshajifuta yenyewe, nashukuru Mungu.

Nikiulizwa, sehemu ya thamani kwenye tasnifu ni hizo koo. Za modeli ni kurasa za kujazia. Nilitumia Naive Bayes, mbinu ambayo watu walikuwa wanachujia spamu za barua pepe tangu 1998, nikaishindanisha na modeli kubwa iliyofundishwa kwa lugha 104, inayolikatakata neno "nitakutumia" kama muhogo wa kukaanga. Ile kubwa nilikuwa naiendesha usiku kwenye kompyuta ya bure ya mtandaoni, inayokutoa bila hodi, na usiku mwingine LUKU ndiyo ilinitoa. Ilishinda kwa tofauti ndogo ambayo Dokta alinikataza kuiita ushindi.

Halafu ikaja ya Mama.

Nilikuwa napitia jedwali la makosa, zile meseji halali ambazo modeli imeziita za kitapeli. Nyingi unaona kwa nini: matangazo ya kikoba, mtu anadai deni. Moja ikanikaa kooni kabla sijajua imetoka kwa nani: "Ile hela tuma kwa namba hii ya JINA, simu yangu imezima, ukituma nijulishe." Modeli ina uhakika wa 0.97 kwamba huyu ni tapeli. Huyu ni Mama, mwezi wa tatu, anataka hela ya dawa, anatumia simu ya jirani.

Nilitaka kuitoa. Nilishaandaa na sababu, kwamba ni meseji isiyo ya kawaida. Dokta aliisoma mara mbili, akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kisha akagonga meza kwa penseli. Hiyo hutoi, akasema. Hiyo iwe na ukurasa wake.

Ni kweli ni ya kawaida kabisa. Nilirudi kwenye data nikakuta za namna hiyo nyingi: simu imezima, laini imepotea, tuma kwa ya shemeji. Ndivyo tunavyotumiana hela. Tapeli hakubuni sentensi yake, ameiazima kwa mama yangu, na ndiyo maana inafanya kazi. Mimi siku ile nilituma hela bila kusita kwa sababu namjua jirani, na hilo halipo popote ndani ya herufi 160.

Kwenye utetezi mtahini wa nje aliufungua ukurasa huo huo wa 61. "Hapa umetatuaje?" Nikasema sikutatua, kwa maandishi peke yake naona haitatuliki. Akaandika kitu kirefu. Dokta alikuwa anaangalia dirishani.

Nilipita kwa marekebisho madogo.

Usiku wa jana nimempigia Mama kumwambia kitabu kimetoka na meseji yake imo, ukurasa mzima. Akafurahi, akaita jirani aje asikie. Kisha akauliza wameandika jina lake kamili au la kwanza tu. Nikamweleza kwamba majina yote yamefutwa, alisaini mwenyewe kwenye ile fomu.

Kimya kidogo.

"Sasa watajuaje ni mimi?"