Nilivyoizoea taa ya rada kwenye barabara ya Bagamoyo

Mnaoendesha baiskeli Dar kwenda Bagamoyo mnanielewa nikisema shida siyo kwenda, shida ni kurudi. Miezi ya kusi upepo unakupiga usoni tangu Kiromo mpaka Bunju, masikioni mvumo tu, Fuso linakuja nyuma hulisikii mpaka liko ubavuni kwako na limeshakuyumbisha, na hapo umejibana kwenye kile kipande cha lami cha mwisho kushoto, ukiteleza kidogo tu ni mchangani. Basi hapo ndo nikaanza kutafuta taa ya rada, wengine wakasema napenda vifaa vya bei kubwa bure tu, haya.

Yangu ni Garmin Varia RTL515, imetumika, shemeji aliniletea akitoka Muscat. Mpya ilipotoka 2020 ilikuwa dola 200 kule Marekani kwa hiyo simlaumu mtu akiguna. Ukiiangalia ni taa nyekundu ya nyuma kama nyingine, ila ndani ina rada inayotupa mawimbi nyuma yako, yakigonga kitu kinachokukaribia kwa kasi yanarudi na inakupa taarifa, gari inaweza kuanza kulinasa likiwa mita 140. Na teknolojia yenyewe imeanzia Afrika hii hii, kampuni ya iKubu ya Afrika Kusini, Garmin wakainunua 2015.

Kuifunga ni dakika chache, inakaa kwenye bomba la siti kwa mpira, hakikisha tu imesimama wima na kile kimfuko cha chini ya siti hakiizibi, ikizibwa inabaki taa tu. Kazi ilikuwa kwenye taarifa zinifikieje. Inaunganishwa na simu kwa Bluetooth, nikaweka simu mfuko wa nyuma wa jezi nisikilize mlio, wee, kusi likaumeza mlio wote. Nikahamia kwenye kikompyuta cha usukani na hapo ndo ikaeleweka, pembeni ya skrini kuna mstari, gari likitokea nyuma kinaingia kidoti chini kinapanda taratibu kuja juu, na juu ndo wewe. Magari matatu vidoti vitatu, mwisho vinane. Rangi ikiwa ya njano kuna gari linakuja, nyekundu linakuja limechanganya, kijani kumetulia.

Sasa wengi wakisikia mlio wanakimbilia pembeni hapo hapo, na mimi naona hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na rada kabisa, maana unaweza ukaingia shimoni kwa kukimbia gari ambalo bado liko mbali. Piga hesabu, lori liko spidi 80, wewe uko 25, linakukaribia kwa kilomita 55 kwa saa, hizo mita 140 linazimaliza kwa sekunde 9 hivi. Sekunde 9 ni nyingi sana aisee. Mimi kidoti kikiingia nashika usukani vizuri, naangalia mbele kwanza kama kuna shimo au mchanga uliomwagika, halafu nageuza shingo mara moja nione ni nini, ndo naamua. Kama ni gari dogo nabaki kwenye mstari wangu. Kama ni basi na mbele kuna gari linakuja upande wa pili, yaani tutakutana watatu sehemu moja, nashuka lami mapema mwenyewe kwa hiari yangu, sisubiri honi.

Kitu haikusaidii ni mbele. Kwenye barabara zetu basi linalokuja upande wa pili linaovateki lori na linaingia upande wako mzima mzima, rada iko kimya kabisa kwa sababu yenyewe inaangalia nyuma. Kwenye kona pia haioni, gari mpaka lijitokeze. Na bodaboda akikufuata nyuma mwendo sawa na wako anaweza asionekane, unaona kijani kumbe jamaa yuko hapo anasoma jezi yako.

Kuanzia Tegeta kuja Mwenge nazima milio, daladala, bajaji, boda, itapiga kelele mpaka uitupe. Naacha taa iwake tu. Ile ya kumweka mchana, yaani inawaka na kuzima, chaji inakaa mpaka masaa 16, ukiiweka iwake moja kwa moja bila kumweka masaa 6, kwa hiyo safari nzima natumia ya kumweka. Tukitoka kundi anafunga wa mwisho, ukifunga wewe wa katikati itakuwa inakuhesabia wenzako.

Kuna siku pale Mapinga nilisimama kununua maji, kaka mmoja wa mkaa, magunia matatu kwenye keria, akaikagua akauliza, "Braza, hii taa inaona gari?" Nikamwelezea na vidoti vyake. Akacheka akanionyesha cha kwake, saidi mira ya pikipiki kaifunga na mpira wa tyubu upande wa kulia wa usukani, imepasuka kona moja. "Mimi hiki kinanionyesha mpaka sura ya dereva." Na kweli bana, rada inakwambia kuna kitu, haikwambii ni Noah au semi, wala kama dereva amekuona au yuko na simu. Nikanunua kioo kidogo cha mwisho wa usukani, sasa kidoti kikiingia natupia jicho kwenye kioo, shingo siigeuzi kila saa na baiskeli haiyumbi. Tatizo lami ikiwa mbovu kioo kinatetemeka huoni kitu, hapo narudi kwenye vidoti.